Mjukuu wa Mwenyeji Wangu, Kakamega

Nilipofika Kakamega kutoka Mombasa, mvua ya alasiri ilikwisha anza upande wa msituni. Mwenyeji wangu ana mjukuu wa miaka mitano mwenye usonji. Hasemi, lakini adhana ikianza hutulia akaegemea ukuta. Amekwisha pimwa, barua anayo, nafasi ya shule hana. Nairobi, Shule ya Msingi ya City ina kitengo cha usonji tangu 2003. Ni zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa. “Shehe, nimpeleke peke yake?” bibi yake aliniuliza. Darasa tupu, nadhani, halikosekani katika mji huu. Adimu ni mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Bibi humfundisha mwenyewe, kwa punje za mahindi ya kuchemsha: moja, mbili, tatu. Ya nne mtoto huila.