Mawe ndani ya mfuko

Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, sisi wa Bunia tulidhani ni shida ya watu wa Beni. Ikapanda kupitia Mambasa na Komanda hadi kwetu. Nyuma yake wakaja waganga, mashirika, askari na magari ya kukodi. Wote tukawaita riposti. Mtaani walisema ni biashara ya Ebola. Mimi, mjitoleaji wa Msalaba Mwekundu, nilisema hivyo hivyo kila nikivua fulana ya kazi.

Mikutano ndiyo iliyonichosha. Mchungaji, imamu, shefu wa kartie, rais wa wamotari, mama wa soko: tunaketi, tunasomewa yaliyokwisha kuamuliwa, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani.

Kilichonigeuza ni mifuko ya maiti. Mwanzoni marehemu alizikwa ndani ya mfuko usioonyesha kitu, familia ikiwekwa mbali. Kwenye matanga wakasema humo mmejaa mawe, viungo vimeuzwa. Wakubwa waliita hayo uvumi, wakatutuma na vipaza sauti kuyakanusha. Lakini tulikuwa pia na kazi ya kuandika daftarini maneno ya mtu kama alivyoyatamka, matusi na yote, kisha kuyapeleka kwa wanaoyahesabu na kuyafikisha kwa waamuzi. Kutoka Kivu ya Kaskazini hadi Ituri swali lilijirudia: tutajuaje kama huyu ni wetu? Mwishowe ikaja mifuko inayoonyesha ndani, na ndugu wakaruhusiwa kusimama na kushuhudia. Pale nilipofanya kazi, mabishano yaliyokula asubuhi nzima yalipungua.

Dawa na chanjo zimesifiwa zaidi, na zinastahili. Kingamwili iliyoitwa mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, na Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, alishiriki tangu mwanzo wa utafiti huo. Ila dawa hiyo humfaa zaidi anayewahi, na mgonjwa huwahi pale familia yake inapomwamini motari, jirani au mchungaji anayeihimiza.

Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Magari ya kukodi yakaondoka, daftari likabaki kwangu. Siku hizi naenda nalo kwa wakimbizi wa ndani wa kambi ya Kigonze, ambako watu huuliza habari za maji na vyoo. Kila mkutano, sala ikishakwisha, nauliza: maneno ya mara iliyopita yamejibiwa na nani? Kuna wenzangu wasiopenda tena kuketi karibu nami.