Posta ya Kaizari Katika Mji wa Punda

Kwetu Morogoro hesabu ya wakoloni ni rahisi. Mjerumani alikuwa wetu: ndiye aliyeifikisha reli mjini kwetu mwaka 1907, ndiye aliyewanyonga watu wa Maji Maji. Mwingereza alikuwa wa Wakenya, na kwetu alikuja baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo rafiki yangu wa Mombasa aliponiambia kwamba Lamu kuna nyumba ya makumbusho ya posta ya Wajerumani, nilimjibu kuwa amechanganya visiwa. Akacheka, akasema njoo uone mwenyewe.

Nilifunga safari. Dar es Salaam nilipita Posta, na hapo namaanisha kituo cha daladala, kwa sababu konda anaponadi "Posta! Posta!" hakuna abiria anayefikiria barua. Mpaka wa Horohoro ulinichukulia muda mfupi kuliko nilivyoogopa, na Mombasa nililala usiku mmoja tu.

Basi la Lamu liliondoka alfajiri. Kufika Malindi nilijiona niko nyumbani bado: minazi, mihogo, akina mama wenye leso mbili mbili. Baada ya Malindi nchi ilibadilika. Nyumba zikapungua, vichaka vikakaribia barabara, na Garsen tulipovuka Mto Tana nikaona ng'ombe wengi kuliko watu. Vizuizi vya polisi navyo vikaongezeka. Tunashuka, tunaonyesha vitambulisho, tunapanda. Askari mmoja aliifungua pasipoti yangu ya Tanzania, akanitazama, akauliza naenda Lamu kufanya nini. Nikasema naenda kuona posta. Aliniangalia kwa muda kidogo kabla hajanirudishia.

Mbele zaidi tulisimama Witu. Nilinunua ndizi dirishani, nikamwambia jirani yangu kwamba mji huu umetulia mno, nikasinzia. Laiti ningejua kuwa posta niliyokuwa naifuata ilianzia hapo hapo!

Lami inaishia Mokowe, kwenye gati. Mizigo ikashushwa, sisi tukaingia kwenye boti, na mimi mtu wa milimani nikashika ubao kwa mikono miwili huku mtoto wa miaka kama sita akikaa ukingoni na kuning'iniza miguu. Kisha Lamu ikatokea: safu ndefu ya nyumba nyeupe zikitazama maji, majahazi yamefunga mbele yake, na punda. Punda kila mahali! Nilitafuta pikipiki kwa macho, maana Morogoro huwezi kuvuka barabara bila bodaboda kukupigia honi. Ndani ya mji mkongwe vichochoro havina nafasi ya gari, na mawe, saruji, mitungi ya gesi, vyote vinapanda mgongoni mwa punda. Usiku wa kwanza nilijibanza mlangoni mwa watu mara kadhaa kuwapisha wanyama hao, na kila mara mtu wa ndani akaniambia, "Karibu." Alidhani nimekuja kubisha hodi.

Asubuhi nilishika Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Jina kubwa, upana mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kuona jengo la Kijerumani kama tunavyolijua sisi: kuta nene, matao, boma la kumtisha mtu kabla hajafika mlangoni. Nikalipita bila kulitambua. Mwenye duka la vitambaa ndiye aliyenirudisha nyuma. Posta ya Kaizari ni nyumba ya Kiswahili kama jirani zake, ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye dari ya boriti, na sehemu ya chini haizidi sana duka la Mangi mtaani kwetu. Ukutani kuna picha za zamani na maelezo. Mzee aliyekuwa zamu alinipokea kwa salamu ndefu ya kiungwana: ya kwangu, ya nyumbani, ya safari, ya mji niliotoka. Ndipo akaanza kunisimulia, na ndipo nikaikumbuka Witu.

Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, alikuwa hapatani na Sultani wa Unguja, na alihitaji ngao. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, wakamjia mwaka 1885, wakapata ardhi kwake, na mwaka huo huo Ujerumani ikatangaza kuwa Witu iko chini ya ulinzi wake. Lakini Witu iko bara. Meli zinafika Lamu, na Lamu ilikuwa ya Sultani wa Unguja. Basi tarehe 22 Novemba 1888 Wajerumani wakafungua posta yao hapa, katika mji ambao haukuwa wao. Nilimwomba mzee airudie tarehe hiyo. Posta za Kijerumani za Dar es Salaam na Bagamoyo zilifunguliwa mwaka 1890. Yaani Mjerumani "wetu" aligonga mhuri wa posta Lamu kabla ya kwetu!

Na stempu zilikuwa zile zile za Ujerumani, za pfennig, katika mji ambao sokoni mtu alihesabu kwa rupia na pesa. Hata kwetu ni mwaka 1893 tu ndipo stempu za Kijerumani zilipopigwa chapa ya thamani kwa pesa. Alama pekee ya Afrika ilikuwa mhuri: LAMU juu, OSTAFRIKA chini. Bahasha zenye mhuri huo leo zinatafutwa sana na wakusanyaji wa stempu.

Kilichonishangaza zaidi ni jinsi siasa ilivyoizunguka nyumba hii ndogo huku yenyewe ikiendelea kufunguliwa. Waingereza na Wajerumani waligombea nani akodishwe ushuru wa forodha ya Lamu, na Agosti 1889 msuluhishi Mbelgiji, Lambermont, akawapa ushindi Waingereza. Posta ikabaki. Tarehe 1 Julai 1890 ukatiwa saini mkataba ambao kwao Ujerumani iliiacha Witu na kupewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Posta bado ikabaki. Septemba mwaka huo Wajerumani waliokwenda Witu kutafuta mbao wakauawa, na Oktoba manowari za Waingereza zikaja kulipiza kisasi, wanajeshi wao wakauteketeza mji. Mji ule niliosema umetulia! Hatimaye Machi 1891 mlango ukafungwa, baada ya miaka miwili na miezi minne.

Kwa maoni yangu, nyumba ile ilikuwa bendera kwanza, posta baadaye. Nilimuuliza mzee kama watu wa mji nao waliandikiana kupitia hapa.

"Mwanangu," akasema, akiiita Lamu kwa jina la wenyeji, "mtu wa Amu barua yake alimpa nahodha."

Nahodha alimjua mpelekewa, alijua nyumba yake na ukoo wake, kwa hiyo anwani haikuwa na kazi. Barua hizo ziliandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, zikasafiri na majahazi hadi Mombasa, Unguja, hata Maskati. Hazikuwa na stempu wala mhuri, na ndiyo maana hakuna mkusanyaji anayezililia.

Nilipotoka nilikwenda posta ya leo, iliyoko mbele ya bahari. Foleni ilikuwa fupi. Karani, dada mwenye buibui, alinishangaa kidogo niliposema nataka kutuma barua ya kawaida, si kifurushi. Nilimwandikia mama Morogoro. Nikabandika stempu ya Kenya, nikaandika nyuma ya bahasha namba 80500, ambayo ndiyo ya Lamu, nikaitumbukiza. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama hajaipata, akaipata baadaye, nasi tukaisoma pamoja tukicheka, maana habari zote nilikuwa nimeshampa kwa mdomo.

Nina ombi moja kwa msomaji ambaye ukoo wake unatoka Amu, Pate, Siyu au Faza. Kama nyumbani kwenu kuna kasha la bibi lenye karatasi za herufi za Kiarabu ambazo hakuna tena anayezisoma, msizichome wala msifungie bajia. Zipelekeni makumbusho ya Lamu zikaangaliwe. Barua za Wajerumani wa mji ule zimeshapata wenye kuzitunza.