MASUGURU: Nilidhani kisu ni cha kuku

Msomaji wangu, safari hii mshikaji wangu mmoja ndiye aliyenikokota mpaka kwao Masuguru, mkoani Tanga, upande wa Handeni na Korogwe. Alfajiri tukapanda basi stendi ya Magufuli, Mbezi. Chalinze hiyo, Wami hiyo, Mkata hiyo, saa tano tuko Segera tunamenya machungwa. Kilichofuata ni bodaboda na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Tukamkuta babu yake anakaa kwenye kigoda, ananoa kisu. Shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu. Moyoni nikasema leo kuku ameisha. Kumbe wapi! Babu akaingiza mkono chini ya ghala, akamvuta mtoto wa mbwa wa miezi miwili hivi, masikio yamelala.

"Huyu alijificha wenzake wakikatwa," akasema. "Mbwa asiyekatwa masikio hawi mkali."

Pembeni alilala kaka yake, aliyekatwa wiki iliyotangulia. Vidonda vimejaa inzi, akitikisa kichwa damu inaruka. Hamu ya kuku ikaniisha.

Usimlaumu babu haraka. Masuguru mbwa si pambo. Usiku nguruwe pori wanaingia kwenye mahindi, mchana ngedere. Asiye na mbwa anavuna mabua.

Mshikaji ndiye aliyeanza kumtetea yule mtoto. Yeye huko Dar aliwahi kutunza mbwa kwa mzungu mmoja, mbwa aina ya koli, wale wa manyoya marefu na pua ndefu, asili yao kuchunga kondoo Scotland. Ndio wa filamu ya Lassie ya mwaka 1943.

"Babu, wenzetu hawakati, wanafundisha," akasema. Akaeleza kuwa kwenye maonyesho, koli anatakiwa masikio yasimame, ila ncha, kama robo ya juu, ikunjike mbele. Sasa akianza kubadili meno, kwenye miezi minne hivi, masikio yanakuwa na vituko: leo wima kama ya mbweha, kesho yamelala. Basi mwenyewe anaikunja ile ncha, anaibandika kwa plasta au gundi isiyochubua, anaiacha siku kadhaa, anabandua, anasafisha, anabandika tena. Miezi na miezi. Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mshikaji, analipwa mshahara!

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Mzungu anabandika, mimi nakata. Wote tunataka mbwa awe tunavyopenda sisi. Tofauti iko wapi?"

"Plasta inabanduka, babu. Sikio halioti tena."

Na mimi, pamoja na kidato changu cha nne, nikajitosa. Nikamwambia hata Uingereza walikuwa wanakata, mpaka chama chao, Kennel Club, kilipowafungia mlango wa maonyesho mbwa waliokatwa masikio. Nikaongeza kuwa Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama bure ni kosa.

"Hiyo sheria yako nguruwe wanaijua?" babu akauliza. Kisu bado mkononi. Mgeni mimi nikanywea.

Hapo ndipo mama wa wale watoto alipotokea upande wa shambani. Kumbe masikio yake yote mawili yapo, hakuna aliyewahi kumgusa. Akaniona mgeni, akanijia meno nje, mpaka nikapanda juu ya kigoda cha watu. Babu akamkaripia, akatulia.

"Babu," nikasema nikiwa huko huko juu, "huyu kati ya mbwa wako ni wa ngapi kwa ukali?"

Kimya. Mshikaji akaangalia pembeni asicheke.

"Wa kwanza," babu akajibu taratibu.

Hakusema zaidi. Alimwachia mtoto, akarudi mbio chini ya ghala. Kisha akaagiza maji ya chumvi, tukamshika yule kaka mtu, tukamwosha vidonda, analia mpaka unasikia aibu kuwa binadamu. Yake hayatarudi.

Kuku tulimla usiku, kwa kisu kile kile. Wakati wa kulala babu akaniita.

"Mjukuu, nampa mpaka mahindi ya mwakani. Nguruwe wakiyala, utakuja kulinda wewe. Na masikio yako si unayaona yalivyo makubwa?"

Nimerudi mjini, msomaji wangu, lakini kila nikila ugali namuwaza yule mbwa. Ole wake asinzie!