Jiwe Lililonikosesha Maneno

Wahenga walinena kuwa si kila king'aacho ni dhahabu. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, lakini uzito wake sikuuhisi hadi likizo moja baba aliponiwekea jiwe kiganjani na kuniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma Jiografia na Kiswahili huko chuoni, hebu tuambie: hili ni jiwe gani?"

Kwetu ni Taita. Tangu ijulikane tsavoriti, ganeti ya kijani iliyopewa jina mwaka 1974 kutokana na Tsavo yetu, ni wakulima wachache wasiolitazama shamba lao mara mbili. Baba na wenzake wawili, mmoja wao mzee kutoka Kitui, walikuwa wamechimba shimo lenye kina cha watu watatu. Baba alikwisha kuuza fahali mmoja, na sasa alikusudia kumuuza wa pili ili wakodi mashine ya kutobolea mwamba. Fahali huyo wa pili ndiye aliyekuwa karo yangu.

Nililigeuza jiwe juani, likametameta. Nililitambua mara moja, ila kwa Kiingereza. Nikatamka istilahi tatu nne kama nilivyozikariri darasani. Mzee wa Kitui akacheka, "Kijana anatusomea dua ama anatueleza jiwe?" Niliona haya. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilikosa Kiswahili cha kumwambia mzazi wangu jambo lililomhusu kuliko yote.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilipekua kamusi na kuyapanga maneno upya. Kulipopambazuka niliwaomba wazee tuketi kwenye rundo la mawe, nikaanza: "Hii ni miamba geu. Hapo awali ilikuwa miamba mingine, ikazikwa chini sana, ikapata joto na mgandamizo, ikabadilika bila kuyeyuka."

Jambo la kwanza, niliwaambia, ni kutazama umbile lake. Je, mwamba una matabaka? Madini yaliyo bapa, yakigandamizwa, hulala upande mmoja kama karata zilizokandamizwa mezani. Punje zikiwa ndogo mno kuonekana na jiwe likipasuka kwa vibao laini, hiyo ni sleti. Punje bapa zikionekana na kumetameta, ni shisti. Joto likizidi zaidi, madini hujitenga kwa mistari myeupe na myeusi, nayo ni naisi. Marumaru, iliyotokana na mawe ya chokaa, kwa kawaida haina matabaka hayo kwa sababu punje zake si bapa.

La pili ni madini yenyewe. Nilimpa baba kisu. Sehemu nyeupe kama kioo ilikataa kukwaruzwa: hiyo ni kwatzi. Sehemu iliyong'aa ilibanduka kwa ukucha, vijikaratasi vyembamba vinavyopindika bila kuvunjika. "Huu ni ulanga," nikasema. Neno hilo lilikuwamo katika kamusi muda wote. Ni mimi niliyekuwa sijalitafuta. Kati ya ulanga mlikuwa na shanga nyekundu za ganeti ya kawaida.

La tatu ni kuyafasiri hayo yote. Ulanga mwingi ulioandamana na ganeti nyekundu ulidokeza kuwa mwamba huu ulianza kama tope, likazikwa kilomita nyingi ardhini mabara yalipogongana takriban miaka milioni 600 iliyopita na kuunda Ukanda wa Msumbiji, ambao unapita kwetu. Tsavoriti huhitaji kalisi na vanadi, na wachimbaji huiandama katika naisi zenye grafiti, ile nyeusi inayotia vidole masizi. Tulisugua jiwe baada ya jiwe. Vidole vyetu havikuchafuka.

Baba alinitazama kwa muda mrefu. "Wasema hivi kwa sababu ya karo?"

Swali hilo lilinichoma, kwani sikuweza kuapa kwamba karo haikuwamo moyoni. Nikamjibu, "Usiniamini mimi, baba. Liamini jiwe. Kisu unacho. Sisemi kwamba shamba halina kito; nasema jiwe hili halina dalili yake."

Aliendelea kubandua ulanga kwa ukucha, kijikaratasi kimoja baada ya kingine, mpaka jua likawa utosini. Fahali hakuuzwa wiki ile. Mzee wa Kitui aliendelea kuchimba kwa sururu, na hakuna aliyemlaumu, maana jasho lilikuwa lake.

Ndugu wanachama, aghalabu sisi hujadili istilahi za sayansi kana kwamba ni pambo la lugha. Mimi nimeona fahali akining'inia kwenye istilahi moja. Jiwe lile sasa liko mezani pangu, juu ya kamusi. Kila jua linapolipiga, linametameta kama dhahabu, nami hukumbuka swali la baba.