Kula na Kuoga Kyoto: Mama Usiogope

Akina mama wengi wanaofuatana na waume zao kwenda Japani, kwa masomo au kwa kazi, hutamani kufika Kyoto. Mji huu ulikuwa makao ya wafalme wa Japani kuanzia mwaka 794 hadi karne ya 19. Lakini mama mwenye watoto huwa na maswali yake kwanza: tutakula nini, na tutaoga wapi? Swali la pili lina hofu ndani yake, kwa maana amekwisha kusikia kwamba Wajapani huoga pamoja bila nguo.

Tuanze na chakula. Kyoto haiko pwani. Zamani samaki waliovuliwa Wakasa, upande wa kaskazini, walitiwa chumvi na kubebwa mgongoni kupita milimani mpaka mjini. Kwa hiyo wapishi wa Kyoto walijifunza kupata ladha katika vitu vya kawaida: mboga, mwani na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Karibu na hekalu la Nanzenji kuna migahawa inayopika yudofu: vipande vya tofu huchemshwa taratibu kwa maji yenye mwani, kisha huchovywa katika sosi ya soya.

Kama mfuko si mzito, ziache karamu za kaiseki, ambazo ni ghali sana. Tafuta mgahawa mdogo wenye obanzai, yaani chakula cha nyumbani: mboga za kuchemsha, samaki, wali na supu ya miso. Watoto hupenda udon, tambi nene katika supu ya moto. Katika soko la Nishiki, uchochoro mmoja wenye maduka zaidi ya 100, utapata achari, mayai na vitafunio vya kila namna. Ila waonye watoto wasile huku wakitembea. Mtu hula palepale aliponunua.

Sasa tuje kwenye kuoga. Zamani nyumba nyingi za mjini hazikuwa na bafu, hivyo kila mtaa ulikuwa na bafu la umma, liitwalo sento. Mengi yamefungwa, lakini yaliyobaki bado hupokea wageni kwa yeni 500 hivi kwa mtu mzima. Mojawapo ni Funaoka Onsen, lililofunguliwa mwaka 1923, lenye nakshi za mbao na vigae vya rangi vya kupendeza.

Mama, usiwe na wasiwasi: wanawake wana upande wao na wanaume wana wao, kila upande na pazia lake mlangoni. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2020 unashauri kwamba watoto wa miaka 7 na zaidi wasichanganywe, basi mvulana mkubwa aende na baba yake. Ndani utavua nguo zote na kuziweka kabatini. Keti kwenye kistuli mbele ya bomba, jisugue kwa sabuni na ujisuuze mpaka povu liishe. Ndipo uingie katika hodhi, nywele zikiwa zimefungwa, na kitaulo kisiguse maji. Hodhi si mahali pa kujisafisha. Ni pa kupumzika, na maji yake ni ya wote.

Maji huwa ya moto sana, hivyo usikae muda mrefu mara ya kwanza. Mwenye mimba au shinikizo la damu amwulize daktari wake kabla ya safari.

Kuhusu haya, kumbuka jinsi akina mama wa kwetu wanavyooga mtoni: hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Ndivyo ilivyo huko. Bibi wa miaka 80, mama na msichana wa shule wote wameketi, kila mmoja akishughulika na mwili wake. Na baba akiwachukua watoto upande wake, utapata nusu saa ya kukaa kimya bila mtu kukuita. Kila mama anaijua thamani ya nusu saa hiyo.