Kibanda cha Mathe Kiko Juu ya Reli

Pendekezo langu lilikuwa na kurasa sita na picha kumi na moja. Niliandika lote kwa simu nikiwa kitandani, mwaka ule niliporudi nyumbani Mwatate baada ya kuacha chuo. Karo ilikuwa imenishinda, na nilikuwa nimechoka kumwambia mathe mambo ni sawa. Kazi sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni bando la usiku na miguu miwili.

Basi nikawa natembea. Na ukitembea Mwatate huna haraka wala nauli, utajikuta tu kwenye reli.

Nasema reli kwa mazoea, maana treni yenyewe sijawahi kuiona ikipita hapa. Hii ni njia ya kutoka Voi kwenda Taveta, kilomita mia moja na kitu, na haikujengwa kwa ajili yetu. Waingereza walianza kuitandika mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshafika Taveta. Walitaka kupeleka askari, chakula na risasi kwenye mpaka wa koloni la Wajerumani. Mwaka 1916, Wajerumani waliposukumwa nje ya Taveta, reli ikasonga hadi ikaungana na ile ya Wajerumani upande wa Moshi. Pale ambapo reli haikufika, mizigo ilibebwa na watu vichwani. Hao ndio wapagazi walioupa mtaa wa Kariokor jina lake kule Nairobi, na maelfu kwa maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa.

Vita vikaisha, reli ikabaki, ikabeba mkonge na watu. Halafu malori yakaja, na treni ikanyamaza.

Kuna mahali vyuma bado vipo chini ya nyasi. Kuna mahali limebaki tuta tu, mbuzi wamepumzika juu yake. Mataruma mengi ya reli zetu za zamani ni ya chuma, kwa sababu ya mbao mchwa wangeyamaliza. Mchwa walishindwa, wauza vyuma chakavu wakaweza. Unakumbuka mwaka 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda, baada ya nyaya na nguzo za stima kuandamwa? Huku kwetu tulicheka. Kilichokuwa cha kubebwa kilikuwa kimeshabebwa.

Aliyenifundisha kuisoma reli ni mjomba, kaka yake mathe. Ujana wake aliumalizia kwenye genge la kutunza njia, akipigilia na kukaza vyuma. Siku moja nilimsindikiza kuelekea Bura. Ana miaka sabini na kitu na goti moja bovu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nahema.

"Unaona tunapanda?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana, hapa ni tambarare.

Akanigeuza niangalie nyuma. Mji ulikuwa chini yetu. "Treni haipandi mlima, mjomba. Treni inabembelezwa."

Nilikuja kuisoma baadaye: reli nyingi hazipandi zaidi ya mita mbili hivi kwa kila mita mia, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo maana mahali penye kilima wanakata, penye bonde wanajaza tuta, penye mto wanaweka daraja au kalvati. Kazi yote hiyo ngumu ilishafanywa hapa miaka zaidi ya mia iliyopita. Ukiondoa kokoto kubwa au ukizifunika kwa murram iliyoshindiliwa, una njia ambayo mzee mwenye goti bovu anaiweza, mtoto mwenye baiskeli kubwa kuliko yeye anaiweza, na hata kiti cha magurudumu kinapita.

Usiku huo ndio nilipotafuta kwenye simu kama kuna mtu duniani amewahi kulifikiria hili. Wapo wengi mno. Jimbo la Wisconsin kule Marekani waligeuza reli iliyokufa kati ya miji ya Elroy na Sparta kuwa njia ya baiskeli tangu miaka ya 1960, na watu wanapita ndani ya mahandaki matatu yaliyochimbwa kwa ajili ya treni. Wahispania wana mtandao mzima wa njia kama hizo na wanaziita njia za kijani. Nilikaa hadi saa kumi alfajiri. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani, nilikuwa na kitu cha kuamkia.

Sababu yangu haikuwa ya kitalii. Barabara ya Taveta ilipowekwa lami sote tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini lami ilileta mwendo. Malori ya mpakani, matatu, nduthi, wote wanakimbilia kipande kilekile ambacho mtoto wa shule anatembea pembeni yake. Binamu yangu aligongwa akiwa kwenye baiskeli, darasa la saba. Alipona, ila mguu mmoja haukurudi kuwa mguu. Na meta chache kutoka hapo alipoangukia, tuta la reli limelala bure, pana, halina gari hata moja.

Kwa hiyo nikaandika: Mwatate hadi Bura kwanza, kwa miguu na baiskeli. Nikaweka miti ya kivuli. Nikaweka vibao vya historia. Nikaweka hata sehemu ya kuegesha baiskeli za wageni.

Kisha nikaenda kupima. Sheria ya mjomba ni kwamba reli si vyuma viwili tu. Ina ardhi yake pande zote mbili, na yeye bado anajua mawe ya mpaka yalipo, hata yale yaliyofunikwa na vichaka. Tukaanzia karibu na soko, yeye anahesabu hatua, mimi naandika. Tulipofika kwa mathe, hakusimama. Alipita mbele ya kibanda, akapita meza ya nyanya, akapita jiko la chapati, akahesabu hadi ukuta wa nyuma. Ndipo akasimama.

"Hapa," akasema.

Kibanda chote kilikuwa ndani. Mathe alikuwa anatutazama, mwiko mkononi.

Sijui kwa nini sikuwa nimeliona hilo. Nimekulia nyuma ya meza ile. Nimefanya hesabu za shule juu ya gunia la vitunguu mahali hapohapo. Lakini kwenye picha zangu kumi na moja nilikuwa nimechora mstari wa kijani uliopita katikati ya mamangu, na juu yake nikaandika: eneo lililo wazi.

Ukiwa umeishi Nairobi, hata kwa mihula mitano tu kama mimi, unajua neno "wazi" linafanya kazi gani. Umeona alama ya X ya rangi nyekundu kwenye mabati. Umeona tingatinga likija usiku kando ya reli, na asubuhi watu wanachambua vyombo vyao kwenye vumbi. Na kila mara kuna karatasi mahali fulani, imeandikwa na mtu mwenye nia njema, yenye picha za miti.

Mjomba naye alikuwa na lake. Tulipoketi chai, alisema wazi kwamba haupendi mpango wangu. "Ukishaipa watu, treni haitarudi. Umeizika." Kwake, tuta lile ni ahadi. Nikamwelezea nilichosoma: mwaka 1983 Wamarekani walipitisha sheria inayoruhusu reli isiyotumika igeuzwe njia ya miguu huku ardhi yake ikitunzwa kama akiba, ili siku treni ikihitajika, njia bado ipo mzima, haijakatwakatwa viwanja. Alifikiri muda mrefu. Akasema hao wajanja. Halafu akasema, "Lakini sisi hatuna hiyo sheria, tuna mabeberu wa viwanja." Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba njia inayopitwa na watu kila siku ni ngumu kunyakuliwa kuliko ile iliyoachiwa mbuzi, na hilo ndilo nililomwambia, ingawa nilikuwa nalisema zaidi kwa ajili ya mathe aliyekuwa anasikiliza.

Kuna reli moja New York, ya juu kwa juu, iliyogeuzwa bustani ya kutembea na kufunguliwa mwaka 2009. High Line. Labda umeiona picha. Ilipendeza mno hadi nyumba za pembeni zikawa za matajiri, na watu wa mitaa ya maskini ya jirani hawakujiona ndani yake. Mmoja wa waanzilishi wake, Robert Hammond, alikuja kukiri hadharani kwamba walipaswa kuanza kwa kuwauliza majirani wanahitaji nini. Yaani mradi wenye pesa zote hizo, na kosa lake ni lilelile la kijana wa Mwatate mwenye simu iliyopasuka kioo.

Basi nikafuta, nikaanza kuuliza. Nilikaa kwenye tuta siku nne, asubuhi na jioni, na kila aliyepita nilimwuliza swali moja: ungependa hapa pafanywe nini? Hakuna aliyetaja baiskeli za wageni. Wasichana wa sekondari walitaka vichaka vikatwe kwenye kona moja ambayo hawapiti ikishafika saa kumi na mbili. Akina mama wa maji walitaka kalvati lililobomoka lirekebishwe, maana mvua ikinyesha wanazunguka hadi barabarani na mitungi. Mzee mmoja alitaka apewe njia ya kukimbilia tembo wanapotoka mbugani. Nikamwambia hilo ni kubwa kuliko mimi, akaniambia hata tembo ni wakubwa kuliko yeye na bado anaishi nao. Binamu yangu alisema anataka tu pasiwe na gari.

Nilichogundua ni kwamba njia niliyokuwa naiomba ilikuwa imeshajengwa, kwa nyayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika kwa jina lake, pamoja na watu waliomo.

Pendekezo la sasa lina kurasa mbili. Kona, kalvati, murram, na mstari unaojikunja kidogo unapofika sokoni, ukipita mbele ya vibanda badala ya kupita ndani yake. Vibanda vimechorwa vyote, kumi na saba. Nimelipeleka kwenye ofisi moja wakanituma ya pili, na ya pili wakasema watanipigia. Hawajapiga.

Jana niliwakuta mjomba na vijana wawili wa boda kwenye ile kona, wana mapanga. Mathe alikuwa amewapelekea chai kwenye chupa. Nikamwuliza mama, nani amewaruhusu? Akanipa panga la tatu.