Muda wa Nani Unaomlea Paka?

Katika jamii yetu ya wasomi na watumishi wa umma, kauli "nina shughuli nyingi" imepata hadhi ya cheo. Huitamka mtu kwa sauti ya kulalamika, lakini ndani yake mna chembe ya majivuno, kwamba yeye anahitajika na kwamba bila yeye mambo hayaendi. Ni kauli inayofunga mjadala. Asemaye hana nafasi haulizwi nafasi yake imekwenda wapi wala imekwenda kwa nani. Mwaka huu nimejikuta nikilazimika kuitolea kauli hiyo hesabu, na aliyenilazimisha ni mtoto wa paka.

Wakati wa likizo ya Juni tulikuwa nyumbani kwa mama yangu, Endagikot, katika nyanda za juu za Mbulu. Paka wa jirani alikuwa amezaa watoto wanne ghalani, na jirani, kwa ukarimu wa kwetu, alimwambia binti yangu mwenye umri wa miaka kumi na mmoja achague mmoja. Binti akachagua mwenye madoa meusi, kisha akaniuliza kama tungeweza kwenda naye Dodoma, ninakofundisha. Jibu la haraka lilikuwa tayari mdomoni: baba ana shughuli nyingi. Nilimwomba siku tatu za kufikiri, kwa kuwa sipendi mwanangu ajifunze kutoka kwangu namna ya kukataa jambo bila kulipima.

Nilianza na kalamu na karatasi. Paka hahitaji kutembezwa kama mbwa, na hulala zaidi ya nusu ya siku. Hata hivyo, paka anayefungiwa katika nyumba ya kupanga mjini anahitaji chakula mara mbili kwa siku, maji safi, sanduku la mchanga linalosafishwa kila siku, na mtu wa kucheza naye, kwa maana mnyama wa mawindo asiye na cha kuwinda huhamishia uwindaji wake kwenye mapazia na viti. Nilikadiria dakika arobaini kwa siku. Kwa wiki ni saa nne na dakika arobaini. Anahitaji pia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo, licha ya jina lake, haumbagui paka. Akiwa jike, anaweza kupata joto akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, na mimba yake huchukua takribani miezi miwili tu. Asiyemfunga kizazi mapema atajikuta na paka watano kabla ya kumaliza kusahihisha mitihani ya muhula. Na haya si mapatano ya mwaka mmoja. Paka anayetunzwa vizuri huishi miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, na hata zaidi. Binti yangu atakuwa amemaliza chuo kikuu, na paka bado yupo.

Kisha nikafungua shajara yangu ya mwaka uliopita. Nililala nje ya nyumba yangu usiku themanini na saba, kwa sababu ya makongamano, kazi ya mtahini wa nje, warsha za mitaala na misiba. Mke wangu ni muuguzi mwenye zamu za usiku. Binti yuko shuleni tangu alfajiri hadi jioni. Kwa mujibu wa karatasi ile, hakuna kati yetu watatu aliyekuwa na dakika arobaini za uhakika kila siku. Hata hivyo, najua nyumba nyingi za watu wenye shughuli kama zetu, au kutuzidi, ambazo zina paka wanene na wenye manyoya yanayong'aa. Wao wanawezaje?

Jibu linajulikana, ila hatulisemi. Yupo msichana jikoni. Tunaposema "tumepata nafasi ya kufuga paka," mara nyingi maana yake ni kwamba tumepata nafasi ya mtu mwingine. Kwetu pia yupo binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, na haisemi kwamba jiko ni nchi nyingine. Saa nne na dakika arobaini ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya saa hizo. Ningelimwongezea kazi hiyo bila mazungumzo na bila nyongeza ya ujira, ningekuwa nimetoza kodi bila bunge, jambo ambalo darasani hulilaani kwa ufasaha mkubwa.

Nilimpigia simu kumuuliza maoni yake. Alicheka kwanza, kisha akasema: "Baba, paka mwenyewe si kazi. Kazi ni kuulizwa kila jioni kama paka amekula." Katika sentensi hiyo mna somo zima la utawala. Mwenye mali hubaki na mapenzi na maswali, na asiye na mali hubaki na utekelezaji na lawama.

Wazee wetu wa Kiiraqw walilifikiria jambo hili zamani, ingawa kwao lilihusu ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwalundika wote katika zizi lake. Aliwaweka wengine kwa rafiki au jamaa wa mbali, ili ugonjwa au ukame wa sehemu moja usimmalize. Aliyepewa ng'ombe hakuwa mtumwa wa mwenye ng'ombe. Maziwa yalikuwa yake, na samadi ikaenda katika shamba lake. Mwenye mali alibaki na ng'ombe na uzao wake, na undugu ukabaki kati yao wawili. Kiini cha utaratibu ule ni kwamba anayetoa muda wake kwa mnyama wa mwingine ana fungu lake, na fungu hilo linafahamika tangu siku ya kwanza. Sisi wenye shahada tumechukua nusu ya kwanza ya utaratibu huo, yaani mnyama wangu alelewe na mwingine, na tukaisahau ya pili.

Siku ya pili nililitazama suala hili kutoka upande wa paka. Inaaminika kuwa paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa aina ambayo hadi leo yupo katika mbuga zetu, na kwamba alimsogelea binadamu maelfu ya miaka iliyopita kwa sababu ya nafaka: ghala huita panya, na panya humwita paka. Endagikot mkataba huo wa kale bado una nguvu. Mahindi yakishaingia ndani, panya nao huingia, na hapa kwetu panya si suala la gunia lililotobolewa tu. Mwaka 2007 Wilaya ya Mbulu ilipatwa na mlipuko wa tauni, ugonjwa ambao wengi huudhani ni wa vitabu vya historia ya Ulaya. Viroboto wa panya ndio huupeleka kwa binadamu.

Hata hivyo, nisimvishe paka joho la uganga asilostahili. Paka naye huugua tauni anapokula panya mwenye vimelea, na anaweza kumwambukiza anayemuuguza. Zaidi ya hapo, utafiti uliofanyika katika kaya za vijijini nchini Eswatini na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa panya walipungua mahali penye paka na mbwa pamoja, si mahali penye paka peke yake. Tena kuna suala la sumu. Jirani mmoja akitega sumu ya panya, paka wa kijiji kizima wamo hatarini, kwa kuwa panya aliyekula sumu huyumba na kukamatwa kwa urahisi. Kwa hiyo hata paka mmoja ni jambo la ujirani. Anayetaka kumfuga analazimika kuzungumza na wenzake.

Jioni ya siku ya tatu nilimweleza mama hesabu zangu. Alisikiliza huku akichambua maharage, kisha akauliza: "Wewe hapa huja mara tatu kwa mwaka. Huyo paka atakujua lini?"

Sikuharakisha kujibu, kwa sababu niliona kuwa swali lile halikuhusu paka peke yake. Kati ya Dodoma na Babati ni takribani kilomita 250 za lami, na baada ya hapo ni kupanda kuja Mbulu. Mwenye kumteka mama yangu maji, kumwashia moto na kumsindikiza zahanati ni mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi na minne. Muda wake nao haujawahi kuandikwa katika karatasi ya mtu yeyote. Ikiwa dakika arobaini za paka zinastahili hesabu, saa zake zinastahili hesabu kubwa zaidi.

Tuliamua hivi. Paka anabaki Endagikot, penye ghala, jua na kazi anayoiweza. Hatakwenda kufungiwa mjini kati ya milango miwili. Wasomaji wangu Waislamu watakumbuka kisa cha Hadithi cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Nami nisiye na elimu hiyo naona busara yake. Gharama za chanjo na kumfunga kizazi ni zangu, na afisa mifugo ameshaelezwa. Kijana wa dada yangu ndiye mlezi, na atapata fungu lake kila mwezi. Fungu hilo halilipii paka tu, bali na kazi yote aliyokuwa akiifanya kwa jina la undugu. Nyumba tatu za jirani zimekubali kuacha sumu na kutumia mitego. Binti yangu alilia kidogo, kisha akauliza kama anaweza kumpa jina. Jina ni lake.

Kwa wanafunzi na watumishi mnaosoma ukurasa huu, sina fatwa ya kutoa. Wapo wanaoishi peke yao wenye jioni tulivu, na paka atawafaa kuliko televisheni. Nanyi mnaohamishwa vituo, tazameni kota za serikali baada ya lori la mizigo kuondoka: paka waliobaki vibarazani ndio paka shume wa mwaka ujao. Waswahili husema paka wa nyumba haingwi, lakini nyumba nzima inaweza kumhama, na kwake tofauti ni ndogo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tuwajibike kwa mnyama tunayemmiliki, ila hakuna askari atakayekuja kuhesabu paka wa kibaraza chako.

Kabla ya kuuliza kama unao muda, basi, uliza muda huo ni wa nani, na kama mwenyewe ameulizwa. Ni swali linalomfaa anayetaka paka, na vilevile anayegombea uenyekiti wa kamati ya tano ilhali nne za kwanza zinaendeshwa na katibu wake. Wakati mwingine jibu la uaminifu ni "hapana," na wakati mwingine ni "ndiyo, kwa makubaliano haya." "Nina shughuli nyingi" halimo kati ya hayo mawili.